Injini ya kisasa ya dizeli na kwa nini haivumilii uchafu

Ukitaka kuzua ubishi kwenye gereji yoyote ya Mombasa, iwe Changamwe, Jomvu au Kisauni, sema tu kwamba injini mpya za dizeli ni bora kuliko za zamani. Utajibiwa papo hapo. Utatajiwa 1HZ ya Land Cruiser, silinda sita, lita 4.2, isiyo na turbo wala kompyuta, iliyoteswa miaka na miaka na bado inawaka asubuhi. Utatajiwa 1KZ, injini nyingine ya Toyota. Kisha utaonyeshwa HiAce iliyoshuka melini juzi, taa ya injini haizimiki, gari halivuti, na mwenyewe bei ya noseli nne mpya, vile vifaa vya kunyunyizia mafuta silindani, imemkosesha usingizi.

Ubishi huo una ukweli ndani yake, ila hukumu yake naikataa. Injini mpya haikuundwa dhaifu. Imeundwa kufanya kazi ambayo ile ya zamani haikutakiwa kuifanya, na karibu kila kifaa ambacho fundi anakilaani leo kimezaliwa na swali moja lililowasumbua wahandisi kwa zaidi ya miaka mia: mafuta yaingie vipi ndani ya silinda, wakati gani, na yakiwa yamepasuliwa matone madogo kiasi gani?

Injini ya petroli huwashwa na cheche ya plagi. Dizeli haina cheche. Hewa peke yake inaingia silindani, pistoni inapanda na kuibana mpaka inabaki sehemu moja ya kumi na sita ya ujazo wake wa kwanza, na katika injini nyingi za zamani sehemu moja ya ishirini na kitu. Hewa iliyobanwa hivyo kwa ghafla hupata joto la zaidi ya nyuzi 500. Pistoni ikikaribia juu kabisa, mafuta yananyunyizwa ndani ya hewa hiyo na yanawaka yenyewe. Hita plagi ni za kusaidia injini ikiwa baridi tu.

Ubora wote wa dizeli umo humo, na taabu yake yote pia. Ubora, kwa sababu hewa ikibanwa sana moto unafanya kazi zaidi kabla ya kutoka kwenye ekzosi, na kwa sababu dereva akiachia mguu injini inapunguziwa mafuta bila kuzibiwa hewa. Taabu, kwa sababu mafuta yanaingia mwisho kabisa. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, muda wa kunyunyiza ni kama sehemu 2 za elfu moja za sekunde. Ndani ya muda huo tone lipasuke, ligeuke mvuke, likutane na hewa yake, liwake. Tone lililokosa hewa haliungui lote; hubaki masizi, na masizi hayo ndiyo wingu jeusi tunalolijua nyuma ya malori yanayopanda kutoka Miritini kuelekea Mazeras.

Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, aliiona faida hiyo kwa hesabu kabla ya kuiona kwa macho. Injini yake iliyopimwa Augsburg mwaka 1897 iligeuza asilimia 26.2 ya nishati ya mafuta kuwa kazi, katika zama ambazo injini za mvuke kwa kawaida zilikuwa zikipata karibu asilimia 10. Lakini ilikuwa mtambo wa urefu wa kama mita 3, na mafuta yalipulizwa ndani kwa hewa iliyobanwa na kompresa ya pembeni. Kompresa hiyo ilikuwa nzito mno kwa gari. Kwa hiyo dizeli ilianza maisha yake viwandani na majini, na ukoo huo mkubwa tunao mpaka leo: mitambo ya umeme ya Kipevu na Rabai ni injini za dizeli zenye kimo cha nyumba, zinazochoma mafuta mazito.

Kilichoishusha dizeli barabarani ni pampu. Mwaka 1927 kampuni ya Bosch ilianza kutengeneza kwa wingi pampu inayosukuma mafuta moja kwa moja mpaka kwenye noseli bila kompresa. Malori yaliipokea kwanza. Mwaka 1936 Mercedes-Benz ikatoa 260 D, moja ya magari madogo ya kwanza kabisa ya dizeli kutengenezwa kwa wingi: lita 2.6, nguvu za farasi 45. Weka takwimu hiyo kando ya 2GD ya Toyota, lita 2.4, inayotoa karibu nguvu za farasi 150. Chuma kingi kimepita kati ya injini hizo mbili, lakini nitakwambia kwamba tofauti kubwa iko kwenye namna ya kunyunyiza mafuta na kuingiza hewa.

Pampu za zamani hazikuwa na shinikizo la kupasua mafuta yakawa ukungu. Wahandisi wakatumia hila: wakachonga chumba kidogo kwenye silinda hedi, mafuta yakanyunyiziwa humo, moto ukaanza humo na kufumka kwa nguvu kwenda kwenye silinda, ukichanganya hewa na mafuta njiani. Noseli haikuhitaji ustadi mkubwa, maana chumba kilifanya kazi ya kuchanganya. 1HZ na 1KZ ni za ukoo huu. Ndiyo siri ya uvumilivu wao. Shinikizo lao ni dogo, matundu ya noseli ni mapana, na chembe ya uchafu inayoweza kuua noseli ya leo hupita humo bila kujulikana.

Bei ya uvumilivu huo inalipwa kituo cha mafuta. Kuta za kile chumba hunyonya joto lililopaswa kusukuma pistoni. Kukiondoa na kunyunyiza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni huokoa asilimia 15 hadi 20 hivi ya mafuta, na kwa mwenye lori linalokwenda mpaka Malaba, mpakani na Uganda, na kurudi hiyo ni hela inayoonekana. Malori yalihamia mapema. Magari madogo yalichelewa: Fiat Croma ya miaka ya 1980, kisha Audi 100 ya mwaka 1989. Sababu ya kuchelewa ilikuwa kelele. Mafuta yakinyunyizwa moja kwa moja, yanasubiri kidogo kabla ya kuwaka. Yale yaliyorundikana wakati wa kusubiri huwaka yote kwa mpigo, na pigo hilo ndilo mlio wa nyundo wa dizeli za zamani. Dereva wa lori aliuzoea. Mnunuzi wa gari la familia aliukataa.

Tatizo la pili lilikuwa gumu zaidi. Pampu ya zamani inasukumwa na injini yenyewe, kwa hiyo injini ikizunguka polepole shinikizo linashuka. Ni kinyume cha mahitaji. Lori lililojaa shehena linapoondoka kituoni au kushika kilima, mizunguko iko chini na mafuta yanahitajika kwa wingi, lakini ndipo yanaponyunyizwa kwa matone makubwa zaidi. Moshi mweusi wa kuondokea haukuwa lazima injini mbovu. Nyingi zilikuwa nzima kabisa. Umbo la pampu ndilo lililozilazimu kutoa moshi.

Bomba moja kwa silinda zote

Jibu lililobadilisha kila kitu ni mfumo ambao mafundi wanauita komoni reli. Kampuni ya Denso iliuweka kwenye malori ya Hino mwaka 1995. Upande wa magari madogo, watafiti wa Fiat walikuwa wameufikisha mbali, teknolojia ikauzwa kwa Bosch mwaka 1994, na mwaka 1997 Alfa Romeo 156 ikaingia sokoni nao.

Wazo lenyewe ni kutenganisha kazi mbili zilizokuwa zikifanywa na pampu moja. Pampu ya shinikizo sasa haijali saa ya kunyunyiza. Kazi yake ni kujaza bomba nene la chuma, ile reli, na kulifanya likae limejaa shinikizo muda wote, injini ikizunguka haraka au polepole. Kila noseli inachota kwenye reli hiyo, na kompyuta ya injini ndiyo inayoamua ifunguke lini na kwa muda gani. Mifumo ya kwanza ilifika shinikizo la baa 1,350. Ya leo hupita 2,000, na Denso ilifikia 2,500 mwaka 2013. Tairi la lori hujazwa karibu baa 8.

Hakuna sumaku ndogo inayoweza kuinua sindano ya noseli dhidi ya shinikizo kama hilo, na hapa ndipo ninapowaheshimu sana waliobuni kifaa hiki. Walifanya mafuta yenyewe ndiyo yaifunge na kuifungua sindano. Shinikizo lile lile linakaa juu ya sindano na chini yake. Sumaku inafungua tundu dogo tu lililo juu, mafuta kidogo yanatoroka kurudi tangini, shinikizo la juu linaanguka, na lile la chini linainua sindano. Tundu likifungwa, sindano inarudi. Ndiyo maana kila noseli ya kisasa ina bomba la kurudishia mafuta. Na ndiyo maana fundi anayejua kazi huweka chupa nne kwenye mabomba hayo kabla ya kumuuzia mtu noseli: chupa inayojaa haraka kuliko wenzake inamwonyesha noseli iliyolika ndani na inayovujisha shinikizo. Gari lenye noseli ya namna hiyo husota kuwaka, hasa injini ikiwa na moto.

Kwa kuwa noseli inafunguka kwa amri, si lazima ifunguke mara moja tu. Kabla ya dozi kubwa inatanguliza dozi ndogo, milimita moja au mbili za ujazo, ili moto uwe umeshaanza mafuta mengi yanapofika. Hayarundikani tena, na ule mlio wa nyundo unatoweka. Baada ya dozi kubwa inaweza kufuata nyingine ya kuunguza masizi yaliyobaki. Injini ya silinda nne kwa mizunguko 2,000 hunyunyiza dozi kubwa 4,000 kila dakika. Ukijumlisha na zile ndogo, zinaweza kufika mara 12,000.

Sindano hiyo hucheza ndani ya nafasi ya sehemu 2 au 3 za elfu moja za milimita, na kinachoilainisha ni dizeli yenyewe. Shika jambo hilo, maana matatizo yetu mengi ya Mombasa yanatokea hapo.

Turbo nitaipitia kwa haraka. Mswisi Alfred Büchi aliipatia hataza mwaka 1905: moshi unaotoka unazungusha feni moja, feni hiyo inazungusha nyingine inayosukuma hewa safi ndani. Dizeli ilikuwa kama imeumbwa kwa ajili yake, kwa sababu hewa ya ziada haiidhuru, inaiwezesha kuunguza mafuta zaidi. Sisi tunaoishi usawa wa bahari tunasahau faida yake nyingine. Hewa ya Nairobi, mita 1,700 hivi juu, ni nyepesi kuliko ya hapa kwa karibu asilimia 15. Injini isiyo na turbo ikipanda huko inapewa mafuta yale yale kwa hewa pungufu, inatoa moshi na kupoteza nguvu. Yenye turbo na kompyuta inaongeza msukumo wa hewa na kuendelea.

Masizi upande huu, sumu upande ule

Sasa tufike kwenye vifaa vinavyochukiwa. Ukiboresha uunguzaji mpaka masizi yakapungua, moto unakuwa mkali zaidi. Joto ndani ya ndimi zake likipita nyuzi 1,500 hivi, naitrojeni ya hewani, ambayo kwa kawaida haijishughulishi na chochote, inaungana na oksijeni. Hizo ni oksidi za naitrojeni, zinazochoma mapafu na kutengeneza ukungu mchafu wa mijini. Ukipooza moto ili zipungue, masizi yanarudi. Wahandisi wa dizeli wameishi na mkazo huu kwa miongo mingi, na hakuna aliyeukwepa kwa bei rahisi. Volkswagen ilijaribu njia ya udanganyifu: Septemba 2015 Marekani ilitangaza kwamba programu ya magari yake ilitambua gari likiwa kwenye kipimo na kulifanya liwe safi, kisha ikaliachia barabarani. Magari yaliyohusika duniani yalikuwa kama milioni 11.

Njia ya haki ina hatua tatu. Ya kwanza ni valvu ya EGR, inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya silinda ili moto upoe. Ya pili ni DPF, kwenye malori ya Isuzu inaitwa DPD: kichujio cha kauri kinachonasa masizi. Kikikaribia kujaa, kompyuta inaongeza mafuta mwishoni mwa uunguzaji ili ekzosi ipande joto hadi nyuzi 600 hivi na masizi yaungue humo humo. Ya tatu, kwa malori mengi mapya, ni kunyunyiza kwenye ekzosi maji yenye urea asilimia 32.5, yale ya AdBlue, yanayozigeuza oksidi zile kuwa naitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji. Uzuri wa hatua hii ni kwamba inaruhusu moto uachwe uwe mkali ndani ya silinda, ambako mafuta yanaokolewa, na sumu ishughulikiwe nje.

Kenya hairuhusu kuingizwa nchini gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Kwa hiyo dizeli zinazoshuka bandarini Kilindini siku hizi zinakuja na vifaa hivi, zikiwa zimetoka Japani ambako dizeli yao ina salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Hapa kwetu na Afrika Mashariki kiwango cha sehemu 50 kilianza Januari 2015, baada ya kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kuacha kusafisha mwaka 2013. Hiyo ilikuwa hatua kubwa na inastahili kusifiwa. Salfa hugeuka asidi ndani ya injini na hulemaza vichocheo vya ekzosi. Kwa dizeli ya zamani, kichujio cha kisasa kisingekuwa na maisha hapa.

Lakini kiwango cha melini si lazima kiwe kiwango cha tangini. Kuchanganya dizeli na mafuta ya taa kulienea kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuua faida ya uchakachuaji. Mafuta ya taa yanaungua vizuri tu kwenye dizeli. Tatizo ni kwamba ni mepesi na hayalainishi. Pampu ya baa 2,000 inayolainishwa nayo huanza kujisaga, na vumbi la chuma linasafiri kwenye reli mpaka kwenye noseli zote. Anayekubali kubadilishiwa pampu tu baada ya ajali hiyo, bila kusafisha reli, mabomba na tangi, atarudi gereji.

Adui wa pili ni maji, na unyevu wa Pwani unamsaidia. Tangi likilala nusu tupu, hewa iliyo juu ya mafuta inaacha matone usiku. Maji ni mazito kuliko dizeli, hutulia chini, na siku yakifika kwenye noseli yanaila kwa kutu. Filta ya dizeli ina kizibo chini kwa ajili ya kuyatoa. Kifunguliwe kila gari linapofanyiwa huduma, na filta iwe ya ukweli. Filta bandia ya bei nafuu ndiyo matumizi ghali kuliko yote ninayoyajua kwenye gari la dizeli.

Kisha kuna lile pendekezo ambalo kila mwenye dizeli mpya amelisikia: "Bosi, hii DPF tuitoboe, gari litapumua." Litapumua, ndiyo, na masizi yote yaliyokuwa yakinaswa yatapumuliwa na watu wa Mwembe Tayari na Kongowea, watoto wao na wachuuzi wanaokaa kando ya barabara kutwa nzima. Na mara nyingi kichujio hakikuwa mgonjwa. Kimeziba kwa sababu noseli inavuja, au turbo inapitisha oili, au EGR imekwama. Ukikitoboa umezima kengele huku moto ukiendelea. Mwulize fundi kwanza kwa nini kimejaa.

Sababu ya kawaida kuliko zote ni safari fupi. Gari linalozunguka kati ya Likoni na mjini, likisimama kwenye feri na kwenye msongamano, halipati kamwe joto la kuunguza masizi. Kompyuta inajaribu, dereva anazima injini katikati, inajaribu tena. Kila jaribio lililokatizwa linaacha dizeli ikichirizika kandokando ya pistoni na kuingia kwenye oili. Ukiona oili imepanda kwenye stiki bila wewe kuongeza, ni hiyo, na imwagwe, maana oili iliyochanganyika na dizeli hailindi beringi za injini wala turbo. Oili mpya iwe ile isiyoacha majivu mengi, iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Majivu yakiingia kwenye kichujio hayaungui tena.

Kwa gari la namna hiyo, taa ya kichujio ikianza kuwaka, litoe nje ya mji. Lipeleke mpaka Mariakani au Kilifi kwa mwendo wa kutosha, usilizime mpaka taa izimike. Na ukibadilisha noseli, hakikisha fundi anaisomea kompyuta nambari iliyochongwa juu ya kila moja, kwa sababu hakuna noseli mbili zinazopitisha kiasi sawasawa, na kompyuta isiyoijua nambari hiyo itapima dozi kwa kubahatisha.